Boksi la siku saba la vidonda vya tumbo: vidonge vitatu, saa mbili tofauti

Famasi nyingi za mjini zinaliuza: boksi jembamba lenye karatasi saba za bati ndani, kila karatasi ikiwa na vidonge sita vya siku moja. Watengenezaji ni wengi na majina ni mengi, ila mpangilio unafanana, kwa hiyo hapa tunalipima boksi lenyewe wala si jina lililo juu yake. Upande mmoja wa karatasi ni wa asubuhi na mwingine wa jioni, na baadhi ya maboksi yamechorwa jua na mwezi. Kila upande una vidonge vitatu: omeprazoli mg 20 (au lansoprazoli mg 30), klarithromaisini, na tinidazoli mg 500, hizi mbili za mwisho zikiwa antibiotiki. Kazi yake ni moja, kuua bakteria anayeitwa H. pylori.

Tunalipa nyota tatu kati ya tano. Kwa kumsaidia mgonjwa asipoteze hesabu, hakuna kifungashio cha dawa za tumbo kinacholizidi. Kwa kumweleza namna ya kumeza, ni duni, na kibaya zaidi umbo lake lenyewe linampotosha. Nyota nyingine imepotea kwenye zile siku saba.

Tuanze na umbo. Mgonjwa anapoona vidonge vitatu vimekaa pamoja chini ya picha ya jua, anaelewa anachoelewa kila mtu: amka, vunja, meza vyote vitatu kwa pamoja, mara nyingi baada ya chai kwa sababu amezoea kuambiwa dawa kali zisimezwe tumbo likiwa tupu. Kwa klarithromaisini na tinidazoli hapo hajakosea. Kwa omeprazoli amekosea, na kosa hilo linapunguza nguvu ya matibabu yote.

Sababu yake iko hivi. Ukuta wa tumbo una seli zenye pampu ndogondogo zinazomwaga asidi. Omeprazoli haiendi kukutana na asidi iliyokwisha kumwagwa. Inapita tumboni, inayeyukia kwenye utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu, kisha inarudi kwenye zile seli kupitia damu na kuzifunga pampu. Inazifunga zile tu zinazofanya kazi kwa wakati huo, na kinachoziamsha ni chakula. Halafu haikai kwenye damu muda mrefu: baada ya saa moja hivi nusu yake imeshaondoka. Dawa inatakiwa iwe imefika kwenye damu wakati chakula kinaingia. Ndiyo maana ya nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Ukiimeza baada ya sahani kuisha, pampu zimeshamwaga asidi yao na dawa inakuja nyuma ya tukio.

Na asidi isipopungua, antibiotiki nazo zinaumia. Klarithromaisini inaharibika kwenye asidi kali, na H. pylori mwenyewe anapokuwa katikati ya asidi hazaliani kwa kasi, hivyo hashambuliki kirahisi. Omeprazoli ndiyo inayozifungulia njia hizo mbili. Mgonjwa akiidharau kwa kuiona "ya kiungulia tu", antibiotiki zinabaki peke yao.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo muuguzi au mfamasia anapaswa kufanya boksi likiwa bado mezani ni kulifungua, kutoa karatasi ya siku ya kwanza, na kuzungushia kapsuli ya omeprazoli duara kwa kalamu ya wino mzito. Pembeni aandike "kabla ya kula". Kwenye vile viwili vingine aandike "baada ya kula". Arudie kwenye karatasi zote saba. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, na inaziba pengo ambalo mtengenezaji ameliacha. Maelezo ya ndani ya boksi mara nyingi yako kwa Kiingereza, kwa maandishi madogo, na karatasi yenyewe hutupwa siku hiyohiyo. Wino ulio juu ya bati unabaki hadi kidonge cha mwisho.

Ratiba inayofanya kazi kwa watu wengi ni hii: kapsuli saa 12:30 asubuhi kwa glasi ya maji, chai na kitafunwa saa 1:00, kisha klarithromaisini na tinidazoli mara tu baada ya kula. Jioni vilevile: kapsuli saa 12:30, chakula saa 1:00, vidonge viwili baada yake. Anayekula saa 3:00 usiku asogeze kapsuli hadi saa 2:30, asiimeze saa 12:30 kisha akae na njaa saa mbili na nusu. Pengo la saa 12 likipungua au kuzidi kwa saa moja au mbili, halina neno. Akisahau dozi, aimeze anapokumbuka. Kama dozi inayofuata imekaribia, aiache iliyopita na asimeze mara mbili kwa pamoja.

Mwezi wa Ramadhani swali hili huja kila siku, na boksi la dozi mbili kwa siku linaingia vizuri kwenye futari na daku. Anafuturu kwa maji na kapsuli, anaswali Magharibi, halafu anakula na kumeza vidonge viwili. Alfajiri anaamka nusu saa kabla ya daku kwa ajili ya kapsuli. Ambaye hana dalili za hatari anaweza pia kukubaliana na daktari aanze baada ya Idi. Anayetapika damu au anayepata choo cheusi hasubiri Idi wala kesho.

Kapsuli yenyewe inataka uangalifu. Ndani yake kuna chembe ndogo za mviringo, nyeupe au karibu na nyeupe, na kila chembe imepakwa ngozi nyembamba inayoikinga dhidi ya asidi. Bila ngozi hiyo omeprazoli inaharibika tumboni kabla ya kufika utumbo mwembamba. Ndiyo maana haitafunwi wala haisagwi. Anayeshindwa kuimeza nzima anaweza kuifungua na kuchanganya chembe na kijiko cha juisi ya matunda au maji ya kawaida, asichanganye na maziwa wala soda, kisha ameze ndani ya nusu saa bila kutafuna na ashushie kwa nusu glasi ya maji. Wodini, kusaga chembe hizo ili zipite kwenye mpira wa kulishia ni kosa la namna mbili: dawa inaharibika na mpira unaziba. Mgonjwa wa mpira aombewe aina iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au ya sindano. Chembe zikionekana zimegeuka kahawia au zambarau, unyevu au joto limeshaziharibu. Rudisha boksi dukani. Bati lisikatwe vipandevipande na kubebwa mfukoni, maana tarehe ya mwisho wa matumizi inabaki kwenye kipande kimoja tu.

Tinidazoli ni ya ukoo mmoja na metronidazoli, ile ambayo wengi wanaiita flajili. Inaacha ladha ya chuma mdomoni na mkojo unaweza kuwa mweusi kidogo. Yote mawili hupita. Pombe ndiyo suala zito. Mgonjwa asinywe pombe ya aina yoyote tangu kidonge cha kwanza hadi siku tatu kamili baada ya cha mwisho, vinginevyo anaweza kupata wekundu usoni, moyo kwenda mbio, kichwa kugonga na kutapika vibaya. Ukisema "pombe" tu, wapo wanaofikiria bia. Taja mbege, ulanzi, mnazi, konyagi, na dawa za kifua za maji zenye kileo ndani yake.

Hapa pia ndipo lilipo lalamiko letu la kitaalamu kuhusu mchanganyiko huu. Eneo letu limetumia flajili kwa miaka mingi kwa kila tumbo la kuhara, amiba wawepo au wasiwepo. Bakteria waliokwisha kuizoea hawaisumbukii tinidazoli pia. Klarithromaisini nayo ina ndugu yake, azithromaisini, ambayo watu wameimeza sana kwa kila kikohozi. Mtu mwenye historia ya dawa hizo zote mbili anapopewa boksi hili anapewa silaha mbili ambazo adui amekwisha kuziona. Kabla ya kulitoa, uliza: "Katika mwaka huu au uliopita, umetumia flajili mara ngapi? Dawa ya kikohozi ya vidonge vitatu je?" Akijibu kuwa ni mara nyingi, arudi kwa daktari. Ipo mipango mingine, ukiwemo ule wa dawa nne wenye bismathi (dawa nyingine ya tumbo), na miongozo mingi ya sasa inautanguliza huo mahali ambapo klarithromaisini imeshazoeleka kwa bakteria.

Angalia pia namba kwenye klarithromaisini. Yako maboksi ya mg 250 na yako ya mg 500. Kipimo cha 250 kilizoeleka kwenye mchanganyiko wa tinidazoli au metronidazoli. Ule wa amoksilini, gramu 1 mara mbili kwa siku, unataka klarithromaisini ya 500. Dawa zikinunuliwa mojamoja badala ya boksi, ndipo watu hubadilishiwa 500 kwa 250 bila kuambiwa. Linganisha na cheti, si na rangi ya boksi.

Sasa zile siku saba. Boksi lilibuniwa wakati ambapo wiki moja ilionekana kutosha. Leo miongozo mikubwa ya H. pylori inapendelea siku 14, kwa sababu wiki moja inawaacha wagonjwa wengi zaidi na bakteria wao. Kwa hesabu hiyo daktari akiandika siku 14 mgonjwa anahitaji maboksi mawili, na ayanunue yote mawili siku ya kwanza. Anayenunua moja akisema atarudi la pili baadaye, mara nyingi siku ya saba tumbo limetulia na hela imepata kazi nyingine. Mtengenezaji angetoa boksi la siku 14 angepata nyota ya nne kwetu bila ubishi. Lakini mgonjwa asijiongezee boksi la pili mwenyewe baada ya la kwanza kushindwa. Kurudia antibiotiki zilezile zilizoshindwa ni kuwafundisha bakteria.

Kabla hata ya kufungua pochi, kuna maswali ambayo dirisha zuri la dawa halikosi kuyauliza, na kama hujaulizwa, yaseme mwenyewe. Una mimba au unanyonyesha? Una mzio wa dawa yoyote? Unatumia dawa gani nyingine kila siku? Hilo la tatu ndilo linalopitwa haraka, na klarithromaisini inagombana na dawa nyingi. Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi anaweza kushuka sukari ghafla. Apime mara nyingi zaidi kwa siku hizo na atembee na kitu kitamu. Mwenye presha anayetumia amlodipini au nifedipini, hasa mzee, anaweza kushuka presha na kupata kizunguzungu. Simvastatini ya kolesteroli isimamishwe kwa muda kwa maelekezo ya daktari, maana misuli inaweza kuharibika. Warfarini ya kuzuia damu kuganda, karbamazepini ya kifafa, kolchisini ya jongo na dawa za mapigo ya moyo zinahitaji daktari aamue kwanza. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha klarithromaisini yenyewe.

Kwa anayetumia ARV mambo ni mawili na yasichanganywe. Atazanaviri inahitaji asidi ili iingie mwilini, na omeprazoli inaiondoa asidi hiyo, kwa hiyo boksi hili lisitolewe bila kliniki yake kujua. Dolutegraviri haina shida na omeprazoli. Inagombana na dawa za maji za kutuliza asidi zenye magnesi au alumini: inywewe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake.

Dawa hizo za maji, zile nyeupe nzito zenye ladha ya mnanaa, wengi huzinunua pamoja na boksi. Zinatuliza maumivu kwa saa chache na haziui bakteria. Chupa itikiswe vizuri kwanza, kwa sababu dawa hutulia chini na juu hubaki maji matupu. Wakati wake mzuri ni saa moja hadi tatu baada ya kula na wakati wa kulala. Ziachane na vidonge vingine kwa saa mbili angalau. Magnesi hulegeza choo, alumini hukifunga. Ukijua hilo utajua chupa ipi imekuletea nini. Poda za kuchemka kama Eno zina sodiamu nyingi, hivyo mwenye presha, moyo au figo asizifanye mazoea. Maziwa nayo yanatuliza kidogo, kisha yanaamsha asidi upya. Si dawa ya vidonda, ingawa ushauri huo haujafa.

Kuharisha kidogo wakati wa boksi hili ni kawaida. Choo cha maji mara nyingi kwa siku, chenye damu, au chenye homa, ni sababu ya kurudi kituoni, na asijitibu kwa loperamidi, dawa ya kufunga kuharisha, kwa sababu kuna maambukizi ya utumbo yanayotokana na antibiotiki ambayo kuyafungia ndani ni hatari. Wakati akisubiri kurudi kituoni, anywe ORS: pakiti ya gramu 20.5 kwenye lita moja kamili ya maji salama, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Wakati wa dozi, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kujinunulia zikae mbali, pamoja na zile poda na vidonge vya mgongo vyenye mchanganyiko wa dawa hizo. Hizo zenyewe zinachimba vidonda, bakteria awepo au asiwepo. Paracetamoli inatosha kwa maumivu ya kawaida. Aspirini iliyoandikwa na daktari wa moyo isiachwe bila yeye. Kuhusu pilipili na maharage tunasema kwa ufupi: hazisababishi vidonda, acha kile kinachokuumiza wewe. Sigara inachelewesha kidonda kupona, hiyo haina mjadala.

Kuna swali ambalo lilitakiwa kuwa la kwanza: je, umepimwa? Boksi hili huuzwa kwa kila anayesema "tumbo linawaka", na hilo si haki kwa mgonjwa. Kiungulia si H. pylori. Kipimo cha choo cha kutafuta bakteria mwenyewe, au cha pumzi kinapopatikana, ndicho kinachoonyesha kama yupo sasa. Kipimo cha damu cha kingamwili kinaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana naye, na kinaweza kubaki chanya kwa muda mrefu baada ya kupona. Tumeona kwenye huduma nyingi kwamba hicho cha damu ndicho rahisi, na ndicho kinachorudisha watu kwenye boksi la pili na la tatu bila sababu. Mtu mwenye umri mkubwa anayepungua uzito, anayekwama chakula kooni, au anayetapika mara kwa mara anahitaji kipimo cha kamera kabla ya boksi lolote. Choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali, matapishi yenye damu au kama unga wa kahawa, au maumivu ya ghafla yanayokaza tumbo likawa kama ubao, ni hospitali papo hapo. Anayetumia vidonge vya kuongeza damu au bismathi atapata choo cheusi pia. Tofauti ni kwamba hicho hakinati kama lami wala hakina harufu ile. Akiwa na shaka, apimwe.

Kuhusu huduma dirishani, kipimo chetu ni kimoja. Muuguzi au mfamasia akimaliza maelezo asiulize "umeelewa?", kwa sababu jibu ni "ndiyo" siku zote, hasa mbele ya foleni. Aseme: "Mama, nielekeze mimi sasa. Kesho asubuhi ukiamka, unaanza na kipi, na chai unakunywa saa ngapi?" Mama akianza kwa kuonyesha kapsuli yenye duara la wino, kazi imefanyika. Akionyesha vyote vitatu, rudia, tena kwa upole, kwa sababu boksi ndilo lililomwambia hivyo.

Dozi ikiisha, omeprazoli nayo iishe, isipokuwa daktari ameiandika kwa wiki nne hadi nane zaidi kwa ajili ya kidonda chenyewe. Kuiendeleza kwa miaka kwa kujinunulia kunaweza kushusha vitamini B12 na magnesi, na anayeiacha ghafla baada ya muda mrefu anaweza kupata asidi nyingi kwa wiki kadhaa akadhani ugonjwa umerudi.

Kipimo cha kuhakikisha kama bakteria amekwisha kinafanywa angalau wiki nne baada ya antibiotiki ya mwisho, na omeprazoli iwe imeachwa kwa wiki mbili, kwani vinginevyo kinaweza kutoa jibu la uongo kwamba hayupo. Tarehe hiyo ihesabiwe palepale dirishani na iandikwe juu ya mfuniko wa boksi kwa ile kalamu ya wino mzito, pamoja na maneno mawili: choo, si damu.